Mgonjwa wa Cynthia

Sisi watu wa mitambo ya sauti hatupendwi popote. Kwenye harusi tunalaumiwa maiki ikilia, kwenye matanga tunalaumiwa jenereta ikizima, na kanisani mhubiri akikohoa ndani ya maiki, waumini wote wanageuka kutuangalia sisi. Ndiyo maana tuliipenda Jumapili yetu. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tulikutana Kiogoro, kwenye studio ya Ogeto, tukajifungia humo na kuongea mambo yetu bila mtu wa kutuuliza kwa nini kukodi spika ni ghali.

Siku ilikuwa Jumapili kwa sababu wengi wa wenzangu ni Waadventista, na Jumamosi hawagusi waya isipokuwa wa kanisa. Mimi ni Mkatoliki wa upande wa Rachuonyo, kwa Waluo wa ziwani, kwa hiyo nilikuwa nikitoka misa ya kwanza na kwenda huko moja kwa moja na nguo zangu nzuri. Naitwa Pam. Nafanya kazi ya sauti katika redio moja hapa mjini Kisii, na sina subira hata kidogo na mtu anayefanya kazi mbovu akasingizia mashine. Wenzangu walikuwa wamenizoea.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja kikubwa, kuta zimefunikwa blanketi za mitumba zilizonunuliwa soko la Daraja Mbili. Kuta hazikuwa na neno. Tabu ilikuwa juu, kwenye mabati. Mtu akitamka neno kwa mkazo, kona moja ya paa ilimjibu kwa mlio mwembamba, mfupi, ambao ulibaki kwenye rekodi. Tulijaribu kuunyamazisha kwa godoro, kwa magunia, kwa trei za mayai, ukakataa. Mwishowe tuliuacha, na kila aliyerekodi pale akajua ni lazima autoe baadaye kwenye kompyuta.

Ogeto tulimwita Mwalimu, na hakuna aliyemwonea wivu kwa jina hilo. Nusu ya watu waliokuwa wakija pale walishika miksa mara ya kwanza yeye akiwa kando yao. Alikuwa mpole, mwenye kicheko cha karibu. Siku hizi alikuwa akiuza mashamba zaidi kuliko alivyorekodi kwaya. Mara nyingi aliingia na viatu vya matope kutoka Nyamira, alikokuwa akiwatembeza matajiri waliotaka ploti za kando ya lami. Tulimtania kwamba siku moja atauza hata studio na sisi tukiwa ndani, naye akacheka pamoja nasi.

Desturi ya mkutano ilikuwa hii. Kila mara mtu mmoja alileta mgonjwa, yaani rekodi iliyoharibika, na sisi wengine tukawa madaktari. Mgonjwa alisikilizwa kwanza watu wamefumba macho. Halafu kila mmoja alisema alichosikia, na mwenye dawa akakaa kwenye kiti cha kompyuta akatibu huku akieleza. Hakuna aliyeficha ujuzi wake. Kazi ikiisha, rekodi ilitumwa kwenye grupu letu la WhatsApp, lenye watu mia mbili na ushei kutoka Keroka mpaka Kilgoris, ili hata ambaye hakufika ajifunze. Tulijivunia sana jambo hilo.

Mwezi wa nne mwaka huu, mvua zikiwa zimeshika, mgonjwa aliletwa na Cynthia.

Cynthia ndiye fundi wa sauti wa kanisa moja la Keumbu, msichana mtulivu ninayempenda kwa sababu hukunja waya zake vizuri na hajisifu. Siku hiyo alikuja na simu ya mama yake. Mama huyo, Nyamusi, ni mjane. Anaishi peke yake upande wa Nyamira, ana majani chai na ndizi, na shamba lake linagusa lami. Ijumaa jioni alikuwa ametumiwa ujumbe wa sauti kutoka namba asiyoijua. Aliusikiliza mara kadhaa akashika maneno matatu tu: jina lake, shamba, na moto. Basi akampa binti yake simu, akamwambia awaulize wale wenzake wanaojua mambo ya sauti huyu ni nani.

"Nataka tu kujua ni sauti ya nani," Cynthia alituambia. "Nikipata jina, kesho asubuhi niko kwa chifu. Bila jina, chifu atanirudisha nyumbani."

Tukauingiza ujumbe kwenye kompyuta, tukafumba macho.

Nimesikia rekodi mbaya nyingi maishani, lakini ile ilinisisimua mwili. Sauti ilikuwa imeshushwa chini mno mpaka haikuwa ya mwanamume wala mwanamke. Mvua ilikuwa ikipiga mabati juu yake, na chini palikuwa na mvumo wa stima, ule wa nyaya za umeme. Katikati ya hayo yote mtu alikuwa akinong'ona kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii, maneno yamegandana. Mimi naelewa Ekegusii cha sokoni na cha matangani pia, ila pale nilitoka na jina Nyamusi tu. Na mwishoni mwa baadhi ya maneno palikuwa na kitu kingine, chembamba, ambacho masikio yangu yalikijua kabla kichwa hakijakijua. Sikukisimamisha. Nilikuwa nawaza mvua.

Kwa kawaida Mwalimu hungoja wanafunzi wajaribu kwanza. Siku hiyo alikaa kwenye kiti mwenyewe. Alisema ngoja atoe takataka ndogo ndogo ili sisi tupate njia. Aliweka kidole mahali pamoja kwenye skrini, akakata, akahifadhi, akainuka. Ilikuwa kazi ya kupepesa jicho, na kile kitu chembamba kikawa hakipo tena.

Halafu alikaa Ochoki, kijana wa muziki wa harusi, ambaye mdomo wake haufungi lakini mikono anayo. Alisema sauti imeshushwa na programu ya simu ya bei rahisi, akaipandisha mpaka ikarudi mahali pa binadamu. Abner, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri na hufanya kazi za matanga, aliutoa mvumo wa stima. Mvua niliitoa mimi. Mvua ni kazi ngumu, kwa sababu imetapakaa kila mahali, na ukiikata kwa pupa unaondoka na nusu ya maneno. Nilikaa pale nikiisugua sehemu baada ya sehemu, jasho likinitoka kwenye nguo za misa. Nilipomaliza, watu walinipigia makofi. Nitasema ukweli: nilikuwa na furaha. Sote tulikuwa na furaha, na Cynthia pia alikuwa akitabasamu, kwa maana ni vigumu kuona kitu kikitoka matopeni na usifurahi.

Kisha tukaisikiliza rekodi nzima.

Kila neno lilikuwa mahali pake. Mnong'ono ule ulisema: Nyamusi, ulimzika mume wako, ukamzika shemeji yako, na mtoto wa jirani yako bado ni mgonjwa. Watu wamehesabu. Wewe ni omorogi. Uza shamba uondoke kabla hujachuma chai tena, maana unajua moto wa hapa humtafuta nani.

Omorogi ni mchawi. Neno hilo huku hata mlevi hulipima kabla ya kulitamka. Hakuna mtu chumbani mle ambaye hakujua kijiji fulani ambako mwanamke mzee aliitwa hivyo, na asubuhi yake majirani wote wakasema walikuwa wamelala, hawakuona chochote. Cynthia alikuwa ameacha kutabasamu. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Sauti ni ya nani?" aliuliza.

Lakini hapakuwa na sauti. Mtu akinong'ona anatoa pumzi tu. Koo lake halisemi, na koo ndilo lenye jina. Mafundi wote tulijua hilo, na tungekumbuka mwanzoni tungemwambia. Tulikuwa tumeyasafisha maneno yote mpaka yakang'aa, na mwenyewe hakuwemo.

Mwalimu alimpa Cynthia pole kwa sauti ya mzazi. Alisema watu wabaya hawajaisha duniani. Alisema kama angekuwa yeye asingengoja chifu wala polisi, angemhamisha mama kwanza, kwa maana shamba linanunuliwa lakini mama hanunuliwi. Kisha akaongeza, taratibu, kwamba kama mama angekubali kuuza, yeye mwenyewe angemtafutia mnunuzi mzuri wiki hiyo hiyo, mtu mwenye pesa mkononi, na asingetaka hata shukrani. Akatoka nje kuangalia chai ya wageni, simu yake iko mkononi.

Ndipo kichwa changu kilipoyafikia masikio yangu.

Fundi akitaka kutoa mlio kwenye rekodi, huwa hajui uko wapi. Anapandisha kipande kimoja cha sauti, anakitembeza polepole kutoka chini kwenda juu, mpaka mlio uchomoze kwa ukali, ndipo anaukata. Sisi tunaita kuwinda. Kila mtu huwinda, hata mzoefu, na Mwalimu ndiye aliyetufundisha. Lakini siku hiyo hakuwinda. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja, kama mtu anayewasha taa ya chumba chake mwenyewe. Na ule mlio mwembamba niliuacha upite kwa sababu nilikuwa nimeuzoea, maana niliusikia kila mwezi, juu ya kichwa changu, kwenye kona ile ya paa.

Nilimwambia Cynthia tuisikilize tena ile ya mwanzo. Abner alitafuta kwenye kompyuta. Haikuwepo. Mwalimu alikuwa amehifadhi kazi yake juu ya ile ya mwanzo, jambo ambalo alikuwa ametukataza kila mwaka na kulirudia kila tulipokutana. Nikasema basi tuicheze kutoka kwa simu. Cynthia aliifungua, akaitazama, akanipa. Palikuwa pameandikwa kwamba ujumbe huu umefutwa. Aliyeutuma alikuwa ameufuta, muda ule ule, sisi tukiwa tumekaa tunangoja chai.

Mwalimu alirudi na birika. Nikikasirika huwa siwezi kutafuta maneno matamu.

"Mwalimu, ule mlio uliukata bila kuwinda," nilisema. "Ulijuaje uko wapi?"

Aliweka birika chini, akaangalia vikombe kama vinatosha. "Pam, mabati ni mabati. Nyumba zote za mabati Kisii hii zinalia hapo."

"Wewe ndiye ulitufundisha hakuna paa mbili zinazolia sawa."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alinitazama kwa upole ule ule, akatabasamu kidogo, akaanza kumimina chai. Alianza na kikombe changu.

Niliwatazama wengine. Nilitarajia mtu mmoja angalau aseme amesikia nilichosikia, kwa sababu masikio yao ni mazuri kama yangu. Ochoki aliinamia simu yake. Wengine walitazama vikombe. Nusu ya vyombo vyao vya kazi walikuwa wamevikodi kwa mtu yule. Mwishowe Abner alikohoa, akasema kwa heshima zake zote: "Dada Pam, wewe hapa uko mgeni wetu. Hii maneno ya mashamba, wachana nayo." Nimeishi Kisii, nimelipa kodi Kisii, nimezika rafiki Kisii, na sijawahi kuumwa na neno kama neno lile.

Hapo hapo simu zote chumbani zilitetemeka pamoja.

Ilikuwa grupu. Ochoki alikuwa ametuma rekodi, kama ilivyo desturi. Alikuwa ameituma kabla hata chai haijaja, mtandao ulikuwa mzito, na sasa ilikuwa imefika. Juu yake alikuwa ameandika: Mgonjwa amepona. Watu walikuwa tayari wameanza kuweka vidole gumba na makofi.

Nilimpigia kelele aifute. Aliifuta, akisema, "Si ndio huwa tunafanya, Pam? Si kila mwezi tunafanya hivo?" Alikuwa sahihi, na ningempiga kofi. Grupu letu lina watu wa harusi, watu wa matanga, watu wa makanisa, kila mmoja ana grupu zake nyingine kumi. Rekodi ilikuwa ya Ekegusii safi, fupi, yenye jina la mtu ndani yake. Mwalimu Ogeto hakuangalia simu yake hata mara moja. Alisema chai inapoa.

Nilimshika Cynthia mkono tukatoka. Nina gari la kubebea spika, limechakaa lakini linatembea, na tukaifuata barabara ya Keroka. Cynthia alikuwa na simu ya mama yake mapajani, na hapo ndipo sote wawili tulipotambua kwamba hatuna namna ya kumpigia mama. Alimpigia Gladys, jirani wa mpakani, ambaye huchuma chai pamoja na Nyamusi. Simu iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena, ikapokewa. Alisikia watu wengi wakiongea kwa pamoja, akasema hallo mara mbili, na Gladys akakata. Alipopiga mara ya tatu simu ilikuwa imezimwa.

"Ni Mwalimu?" Cynthia aliniuliza, akitazama barabara.

Nilimwambia ni chumba chake, na kidole chake kilijua njia.

"Na ushahidi uko wapi?"

Nilimwambia ushahidi tuliusafisha.

Keumbu ilibidi nipunguze mwendo, kwa sababu watu wa bodaboda walikuwa wamejazana karibu na stendi, nusu yao wako barabarani. Mmoja alikuwa na spika ndogo ya redio iliyofungwa kwenye usukani wa pikipiki. Kioo changu kilikuwa chini. Nilimsikia Nyamusi akitajwa kwa jina. Nilisikia mume, shemeji, mtoto wa jirani. Soko lilikuwa na kelele, lori la ndizi lilikuwa likinguruma kando yetu, na bado hakuna hata silabi iliyopotea. Spika ile ilikuwa mbovu, ya bei ya chini kabisa, na bado kazi ilisikika. Mvua haikuwemo kabisa.

Mtu mmoja aliinama akatazama ndani ya gari, akamwona Cynthia, akamgusa mwenzake. Wakatupisha. Ni wao waliokuwa wakimsalimia kila Jumamosi akibeba maiki za kanisa, na sasa hakuna aliyeinua mkono.

Tulifika kwao jua likiwa bado liko juu kidogo. Nyamusi alikuwa ameketi kwenye kibaraza, kikapu cha majani chai kando yake kimejaa mpaka juu. Mchana ule alikuwa amekipeleka kwenye kituo cha kununulia chai, kama siku zote. Alikuwa kwenye foleni wakati simu ya mtu wa mbele ilipoanza kusema. Halafu ya mwingine. Watu walisogeza vikapu vyao mbali na chake, bila matusi, bila ugomvi. Karani alipima vya wote, na alipofika kwake alifunga mizani. Gladys alikuwa hapo na hakumwangalia. Mama huyo alijitwika kikapu chake akarudi nacho nyumbani, na majani yalikuwa yameanza kuwa meusi.

Alitusimulia hayo bila kulia. Alitupokea kwa salamu zote za heshima, akauliza habari za safari, akaniuliza mimi kama watu wa kwetu ziwani wamepata mvua. Cynthia alikuwa amepiga magoti mbele yake ameshika mikono yake.

"Ijumaa ile nilipousikia, sikuogopa sana," Nyamusi alisema. "Sikuelewa. Nilisema labda ni watoto wanacheza. Leo nimesikia maneno yote. Kila mtu amesikia." Alimgeukia binti yake. "Ni nani aliusafisha hivi?"

Nilifungua mdomo, lakini Cynthia alikuwa wa kwanza.

"Ni sisi, mama."

Nyamusi alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kununua. Aliniuliza kama gari langu lina nafasi ya godoro. Nilimwambia ipo. Akainuka, akaingia ndani kuchukua nguo zake, na chini kwenye lami, upande wa pili wa chai yake, watu walikuwa wameanza kusimama wawili wawili wakitazama nyumba.